Korija ya Karatasi

Kisu hakigusi mzizi.
Pima shibiri moja na nusu juu ya udongo, hapo ndipo ukate.
Kinachobaki ni cha mwaka wa sita kuanzia leo,
na mwaka huo Jitmaya wangu atakuwa na mikono kama hii.

Wanawake saba wa Dolakha, tumepanda tangu giza,
theluji ya juzi bado imejificha chini ya majani.
Lokta ni kichaka kisicho na makuu,
hata mbuzi hupita wakakikunjia pua.
Gome lake ndilo lililosomesha watoto wa Buddhimaya,
wawili, hadi darasa la kumi.

Tunaloweka. Tunachemsha, zamani kwa majivu,
siku hizi kwa magadi ya dukani.
Tunatwanga mpaka gome lisahau kwamba lilikuwa mti.
Kisha namwaga uji wake juu ya fremu iliyoelea bwawani,
natikisa kidogo, nainua,
maji yanaondoka kwa hiari yake.
Jua likikubali, jioni nina korija moja.
Wingu likija, nina uji.

Lal Prasad hupanda na pikipiki yake.
Huinua kila karatasi kwenye mwanga kama anayetafuta mwizi.
“Hizi zina madoa,” asema, na kuzilipa nusu.
Mpwa wangu anayeosha vyombo Kathmandu
ameziona dirishani, ghali kuliko nyeupe:
huko madoa huitwa urembo.

Wadudu hawaili karatasi yetu,
ndiyo maana serikali huandikia mashamba juu yake.
Shemeji alirudi kutoka mahakamani na hati
ya shamba la marehemu mume wangu.
Sikujua kusoma. Nilitazama pembeni,
chini, mkono wa kushoto,
nikaona alama ya dole gumba
ambayo huacha kila ninapobandua kwa haraka.
Juu jina lake, chini kidole changu.
Nilimrudishia. Nikaenda kuchochea moto.

Msimu huu tumechanga, tumenunua mizani ya gome,
kuukuu, sindano imepinda.
Buddhimaya aliijaribu kwa mfuko wa chumvi wa kilo moja:
inadanganya gramu arobaini.
Tumeiandika ukutani kwa mkaa, arobaini,
hata mimi naisoma.
Ile ya Lal Prasad
hatujawahi kujua inadanganya ngapi.