Bomba la Ngazi

Ngazi kumi na moja, kutoka mlangoni hadi chooni,
udongo wa Kadutu: mvua ikinyesha, ni sabuni.
Koko Nsimire amezishuka miaka arobaini
na kikapu kichwani, mtoto mgongoni,
kwa hiyo nilipoleta bomba la chuma na nusu mfuko wa saruji
aliuliza, "Nani anafungwa humu?"

Sikujibu. Nilimkumbuka Mama Cibalonza, jirani,
aliyeteleza kwenye maji ya bidoni
ndani ya nyumba yake mwenyewe.
Nyonga ikavunjika,
na meza yake sokoni ikapata mtu mwingine.
Nikachimba. Nikamwaga kokoto.
Nikauondoa na ule mkeka uliojikunja pembe.

Asubuhi nikakuta bomba limebeba vitenge,
soksi, na mfuko wa maharage.
"Angalau umenipatia kamba ya nguo," akasema.

Usiku umeme ukakatika.
Nikiwa kitandani nikasikia mlango,
kisha ndala,
kisha pete yake ya ndoa ikigonga chuma,
ti,
ti,
polepole,
ti.

Nikahesabu hadi kumi na moja,
ndipo nikapumua.