Kukata na Kukatika

Kukata nilijifunza kwetu, Hue.
Kukatika nimejifunza Temeke:
saa nane usiku, bandama ya dereva wa bodaboda
inavuja mkononi mwangu, taa zikazima.

"Umekatika," asema Sista Zuhura,
kama anayetaja jina la jirani.
Akaibana simu kwa meno, tochi juu ya jeraha,
akahesabu shashi kwa vidole.

Jenereta likakohoa. Likanyamaza.
Nikafunga mshipa kwa kupapasa,
mama alivyofunga wali wa sikukuu
kwa jani la mgomba, gizani.

Alfajiri, mke wa dereva haniulizi kitu.
Ananitazama viatu, damu iliyokaukia kwenye kamba.
"Pole, daktari."

Pole? Mimi?

Ananimiminia uji aliomletea mumewe;
leo haruhusiwi kula.
Pilipili manga nyingi mno. Nakunywa wote.