Mlango wa Nyuma

Bi Rukia Shemdoe aliitazama tovuti yangu ya wiki mbili,
akasema: huyu mzungu aliyejishika kichwa, mtoe.
Tanga nani analia hivi?
Hapa mtu husubiri zamu yake ya kumenya vitunguu.

Nikamtoa.

Vyeti vyangu vishushe chini kabisa.
Bei ipandishe juu, kwa tarakimu,
aibu ya kuuliza isimrudishe mtu.
Na ukurasa uwe mwepesi,
ufunguke kwenye simu iliyopasuka kioo
bando likiwa limebaki la salamu tu.

Kisha akanisomea maneno ya kwanza, niyaandike kama yalivyo:
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Pita nyuma,
upande wa fundi cherehani.
Ukiulizwa, umekuja kupunguza nguo.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Usiku kikabaki kisanduku cha ujumbe, nikijaribu.
Nikaandika: jaribio.
Nikafuta.
Nikaandika: jaribio, jaribio, mdogo wangu Mbaruku
hatujamtaja nyumbani tangu Mfungo Sita,
na kiatu chake kimoja
bado kipo chini ya kitanda changu,
nafagia nikikizunguka.

Kidole kikateleza.
Au tuseme kiliteleza.

Asubuhi hakunipigia kuhusu ile buluu tuliyobishania,
wala ukubwa wa herufi.
Ulikuja mstari mmoja:
Jumanne, saa kumi. Mlango unaujua.

Leo Jumanne.
Napita Barabara ya Kumi na Mbili
na suruali kwapani,
wala hainipwayi.