Mhakiki wa Nne

Barua imeingia saa kumi na moja alfajiri.
Oruro bado giza, baridi imepasua bomba la uani.
"Tunafurahi kukujulisha, Dakta Choquecallata,
kwamba makala yako imekubaliwa."
Na chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
dola elfu mbili mia nane na tisini,
kodi haimo.

Nilda anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya shali,
anasoma tena.
Tarakimu hazijaona haya.

Miaka mitatu alikata nywele za watoto
wa mtaa ulio chini ya tanuri la bati,
kishungi kimoja nyuma ya sikio la kushoto,
akitafuta risasi,
ile isiyo na mlio, inayoingia na vumbi
na kukaa mwilini kama mpangaji asiyelipa.
Watoto mia moja na kumi na wawili.
Mkasi ulikuwa wa mama yake, mshona nguo.
Mashine aliiazima Cochabamba, saa nane za usiku,
wenyewe wakiwa wamelala.

Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji.
Alimwona Remberto wa idara ya udongo akiuza pikipiki
ili kurasa zake kumi na moja zisomwe.
Lakini mwenye kushika mkasi
hadhani kichwa kinachofuata ni chake.

Aliomba asamehewe ada.
Jibu lilikuja siku ileile, limenyooka kama shati la pasi:
nchi yako, mpendwa mwandishi, ni ya kipato cha kati;
tunakupa punguzo la asilimia kumi.
"Nchi, sawa," aliiambia birika. "Na mimi?"

Ipo njia ya pili, haimgharimu mwandishi kitu:
makala ifungiwe, na anayeitaka
alipe dola thelathini na tisa kwa saa ishirini na nne,
kama chumba cha hoteli,
ila hakina kitanda.

Jarida hilohilo mwaka jana lilimwomba
ahakiki makala nne za watu wengine.
Alihakiki. Jumapili nne, Fausto akipika peke yake.
Wakamtumia cheti
akichapishe mwenyewe, kwa wino wake.

Alhamisi akashuka mtaani na kurasa mbili
alizoziandika upya kwa maneno ya jikoni,
nakala arobaini, senti ishirini kila ukurasa:
boliviano kumi na sita, akalipa bila kuomba risiti.
Darasani kina mama walikaa kwenye viti vya watoto,
magoti yamefika kidevuni.
Hakuna aliyelia. Mmoja aliuliza kama maziwa yanasaidia.

Bi Eusebia Colque alitembeza kidole kwenye jedwali,
polepole, kama anayechambua mchele,
kikasimama.
"Sabini na moja ni wangu, kadi ninayo.
Umeandika miaka tisa. Alikuwa na sita.
Asubuhi ile ndipo lilipong'oka jino lake la kwanza,
akakutemea damu kwenye koti. Umesahau?"

Hakusahau koti.
Wahakiki watatu, majina yao siri,
walimwuliza kuhusu mbinu, kuhusu koma,
kuhusu marejeo ambayo hakuyataja, labda ni yao.
Hakuna aliyejua habari za jino.

Usiku akawaandikia: kuna kosa mstari wa sabini na moja,
na mtoto wa miaka sita si wa miaka tisa,
kiasi kilekile kwake ni kizito zaidi.
Jibu halikuchelewa.
Marekebisho baada ya kukubaliwa
yana ada yake.

Ameitoa bahasha kwenye kasha la viatu.
Kishungi ndani yake hakina uzito.
Tarakimu aliyoiandika kwa haraka, kalamu ikiganda,
inamtazama.
Anaipindua.
Anaipindua tena.