Kangaga la Mwanashee

Uliniachia kangaga na kata, shangazi,
ukavuka Mokowe kwenda kutibiwa Mombasa.
"Lisikauke, lisizame," ukasema,
kisha ukarudi mlangoni ukasema tena.

Kaskazi, kisima chetu cha Langoni kikaingia chumvi.
Nikanunua madumu mawili kwa mwenye punda:
moja la chai na kuogea, moja la jani lako.
Jirani Fumo akacheka: "Jani lanywa kuliko watu!"
Nikaapa nitaliacha life.
Magharibi nikalimwagia.

Masika likajinywea lenyewe.
Mvua ilishuka kiwandani, kuta zikatoka jasho,
nami nimekaa na kata kavu mkononi,
sina kazi, naona wivu.

Kipupwe, kata moja kwa siku tatu;
natia kidole udongoni kwanza,
kama ulivyokuwa ukinigusa paji nikiwa na homa.

Jana umepiga simu. Sauti imekauka.
Hukuuliza nyumba, hukuniuliza mimi.
Nikakwambia: limetoa kikonyo kipya,
kimejikunja kama sikio la mtoto wa siku moja.

Ukanyamaza.
Nikasikia ukimeza maji.