Saa Moja Ng'ambo

Shangazi Elviira ana saa mbili ukutani,
moja ya Uswidi, moja ya Ufini.
Mto uko hapo dirishani: jiwe ukilirusha huangukia ng'ambo,
na ng'ambo wameshakula, sisi bado twamenya viazi.
Hakuna aliyeyasogeza maji. Ilisogea ramani,
mfalme aliposhindwa vita mbali huko;
na babu wa babu yake, asubuhi moja,
akavuka na mundu kwenda kukata nyasi za ng'ombe wake
akaambiwa yuko nchi ya watu.

Chuo kikuu kimeleta fomu. Swali la nne:
Wewe ni nani? Visanduku vitatu, na mstari wa mengineyo.
Anasoma kwa miwani. Anaivua, anasoma tena.
"Kwani hawana majibu? Walishanipima."

Alikuwa na miaka tisa. Waliingia katikati ya hesabu
na koleo la chuma lenye mikono ya kaa,
bwana mmoja akamshika kichwa kama achaguaye kabichi,
akataja namba; wa pili akaandika.
Macho wakayalinganisha na macho ya kioo
yaliyolala kisandukuni kama vifungo vya koti.
"Yangu yalikuwa namba saba," asema.
"Saba ni kabila gani, hawakusema."

Mwezi uleule alimwaga maziwa darasani
na ulimi ukaiba la moyoni: maito!
Neno la nyumbani. Mdomo ukaponza kichwa:
alisimama pembeni, gogo la msonobari mikononi,
hadi kengele.
Mpaka leo akimwaga kitu
hunyamaza kwanza.

Ng'ambo nako binamu zake walimcheka:
Kifini gani hiki, kimetiwa viraka vya Kiswidi?
Wenyewe hawakuwa na jina la kukiita.
Walisema meänkieli, lugha yetu,
na hakuna aliyeuliza yetu sisi nani,
maana waliokuwa wakiizungumza walikuwapo mezani.

Kisha Aarne. Kijana wa upande ule,
aliyekuja kuposa juu ya barafu
na kilo ya kahawa ya magendo ndani ya koti.
Aliondoka kwao saa tatu usiku
akabisha hodi kwetu saa mbili na nusu.
"Mwanamume pekee niliyepata kumjua
aliyefika kabla hajaondoka.
Nimkatae kwa ajili ya mpaka?"

Mimi natoka mjini. Nimebandika bendera yetu mpya garini,
njano, nyeupe, buluu; nimejifunza ukubwani
lugha ambayo baba, kwa kunipenda, alininyima.
Nikamsukumia kalamu. Nikaweka kidole kwenye mstari.
"Andika sisi ni watu kamili. Andika kwa herufi kubwa.
Tusipohesabiwa hatupo."
Aliniangalia kwa yale macho namba saba.
"Na wewe," akasema taratibu,
"koleo lako umeliweka wapi?"

Kahawa ilipoa. Nje jua la Juni
lilizunguka juu ya mto, likakataa kutua upande wowote.
Nilitaka kujieleza, nikayakosa maneno
katika lugha zote mbili na ile ya tatu.
Ndipo akaichukua kalamu, akaandika polepole,
kwa mwandiko ulionyooka wa shule ile:

Muulizeni Lempi Niemitalo wa ng'ambo. Yeye ananijua.
Namba yake ya simu ni hii.
Lakini msimpigie sasa hivi.
Kwake ni saa sita, ameshalala.