Uzito

Sote tulimzonga Solongo: chukua mzinga!
Mzinga hubomoa ukuta, alisema Dashnyam,
kinywa kimejaa tambi za moto.
Mimi nikatetea bombomu: risasi mia mbili,
mlio wa mawe juu ya bati.
Nje, Darkhan, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa ukilamba dirisha.

Sekunde tisa. Nane.
Akazipitia silaha moja moja
kama mtu anayebonyeza vitunguu asivyoviamini.
"Hii ukiibeba, unatembeaje?"
Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumesoma maangamizi tu,
mwendo hatukuusoma.

Solongo hupandisha makaa kilimani kila jioni
hadi hema la mama yake,
gunia begani, barafu chini ya kiatu.
Uzito anaujua kwa goti.

Akachukua kitema moto, kifupi, cha bei ya chini.
Tukamcheka.
Dashnyam na mzinga wake walifia ngazini,
kidato cha tatu.
Mimi nilifia mgongoni pake, nikijaza risasi.

Yeye alifika juu.
Kioo chake kikageuka rangi ya chungwa,
na kwa mara ya kwanza usiku ule
akavua glavu.